Babu Niliyemvalisha Kanzu

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kuwavalisha watu nguo ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Nilifanya kazi hiyo Mbeya, katika studio ya mzee mmoja ambaye babu zake walitoka pwani na biashara ya vitambaa, yeye akaacha vitambaa akashika kamera. Miaka ile ya sabini, mtu akifiwa alikuja kwetu na picha yoyote ya marehemu aliyoweza kuipata, hata ya harusi ya watu wengine ambako marehemu amesimama nyuma kabisa na sahani ya pilau mkononi. Tulimkata, tukamkuza, tukamsimamisha peke yake mbele ya ukuta mweupe. Hapo ndipo zamu yangu ilipoanza. Nilikuwa na brashi tatu nyembamba, penseli laini na chupa za rangi. Mkristo nilimchorea koti na tai, Mwislamu nilimchorea kanzu na kofia. Kuna mkulima wa Ilomba, mtaa nilikokuwa nimepanga chumba, ambaye maisha yake yote hakuvaa kiatu, na ukutani kwa watoto wake amevaa suti ya vifungo vitatu. Mjane wake aliniambia kwamba kama angejua, angemleta nimvalishe mapema, akiwa bado hai.

Mzee wa studio alikuwa na sheria moja tu.

"Mwanangu, picha ya ukutani haina takataka," alisema. "Mtu analia, umwonyeshe na kuku wa jirani?"

Takataka ilikuwa kila kitu kisicho marehemu: mkono wa mtu begani, baiskeli, ndoo, sufuria. Vyote nilivipaka rangi nyeupe vikapotea. Nilikuwa hodari, na nilijiona. Ukitaka kunichokoza siku hizo, uniambie kwamba mpaka wa rangi yangu unaonekana.

Masika moja alikuja mtafiti, Mjerumani mwenye ndevu na matope hadi kiunoni. Gari lake lilikuwa limezama siku mbili Usangu. Alikuwa akizunguka nyanda za juu na albamu ya picha za zamani, za safari za kijeshi za Wajerumani wenzake wakati wanaiteka nchi hii, akiwaonyesha wazee na kuwauliza wanakumbuka nini. Sasa albamu ilikuwa imelowa na picha zimeanza kujikunja. Alitaka tuzipige upya zote kabla hazijaoza. Mzee akanikabidhi mimi.

Vita vya Wajerumani nilivisoma shuleni kama kila mtoto. Nilijua watu walikufa. Sikujua kwamba pembeni yao alisimama mtu na kamera. Nikiwa kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, karatasi ndani ya dawa, picha zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine: nyumba inayotoa moshi, na mbele yake wazungu watatu wamekaa kwenye viti, wamekunja miguu, mbwa amelala. Mtu ananing'inia kwenye tawi, na chini yake askari weusi wamejipanga kama timu ya mpira, wafupi mbele, warefu nyuma. Si maiti tu zilizonitisha. Mimi ni mtu wa studio. Nilijua jinsi watu wanavyopangwa. Kamera za wakati ule zilitaka watu watulie muda mrefu. Kwa hiyo kuna mtu aliyewaambia wasogeleane, waliobanwa nyuma wainue videvu, mbwa ashikwe. Aliyasema hayo mbele ya yule anayening'inia. Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti, na mzee akaniletea chai bila kuniuliza.

Siku ya tatu nilimwona baba yangu.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mimi ndiye niliyemfunika shuka siku zake za mwisho, kwa hiyo sikuwa na shaka na uso ule. Paji pana, midomo iliyobana, na sikio la kushoto lililokunjika juu, sikio ambalo mimi pia ninalo na ninalificha kwa kilemba. Alikuwa amevaa tarbushi na magwanda, bunduki begani. Nilipiga ukelele hadi mzee akagonga mlango. Ilichukua muda akili yangu kurudi na kuniambia kwamba huyu hawezi kuwa baba. Huyu ni babu.

Habari za babu tulizijua. Alikuwa mtu wa Tabora, alikuja Iringa na Wajerumani akiwa askari, vita vilipokwisha akabaki, akapewa shamba, akawa mtu wa dini na akafundisha watoto Kurani. Alimwona bibi yetu mtoni akichota maji, akampenda, akapeleka ng'ombe, wakaoana. Shangazi yangu alijua mpaka rangi za wale ng'ombe. Babu alikufa kabla sijazaliwa na hakuacha picha hata moja.

Niliitazama picha upya nikiwa na hofu, nikitafuta moshi na miti. Hakukuwa na maiti. Kulikuwa na mzungu kwenye kiti, askari wamepanga mstari, nyuma yao ng'ombe wengi. Babu alikuwa wa mwisho mkono wa kushoto, ameshika kamba iliyoshuka hadi kwenye mzigo uliofunikwa kitambaa, chini karibu na mguu wake. Maji yalikuwa yameacha doa kubwa hapo. Nilimshukuru Mungu kwamba babu yangu alipigwa picha akiwa na mzigo, si chini ya mti ule. Nilishukuru kwa sauti, peke yangu, kwenye giza.

Kisha nikafanya kazi yangu. Nilimkata, nikamkuza, nikampaka kanzu nyeupe juu ya magwanda na kofia ya kushonwa kwa mkono mahali pa tarbushi. Mzigo ulikuwa takataka, nikaufuta. Kamba nayo nikaifuta. Mkono ukabaki umekunja ngumi bila kushika kitu, ukawa unachekesha, basi nikamchorea tasbihi. Punje moja moja, kwa brashi nyembamba kuliko zote. Mzee alipoiona alisema kwamba kwa picha hiyo angenioza kwa mwanawe, kama angekuwa na mtoto wa kiume.

Wakati mzuri kuliko huo usingepatikana. Baba mkubwa, kaka yake baba na mkubwa wa ukoo wetu Iringa, alikuwa ameniandikia barua kuniita kwenye hitima ya babu. Alikuwa amelijengea kaburi lake kwa saruji, na pembeni akaacha nafasi ya Bibi, nayo akaizungushia ukingo. Ila Bibi alikuwa akiwasumbua. Alikuwa mzee sana, mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, lakini mwenye akili zake, na tangu aone ukingo ule alikuwa akirudia jambo moja: asilazwe pale. Arudishwe kwao. Baba mkubwa aliandika kwamba uzee umeanza kumpoteza, na akaniomba mimi mjukuu wake kipenzi nije nimtulize.

Nilishuka basi Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, na picha imefungwa kwa gazeti, nikapanda mlima hadi mjini nikiwa nimeikumbatia. Bibi nilimkuta uani. Tulisalimiana kwa utani wetu wa siku zote, utani wa bibi na mjukuu wa kike, maana kwa desturi mimi ni mke wa babu kama yeye.

"Kamwene, mke mwenzangu," alisema. "Umenenepa. Mume wetu anakupendelea."

"Anakupendelea wewe, amekuwekea nafasi ubavuni kwake."

Nilisema hivyo. Nilisema nikicheka, nikidhani ndiyo njia ya kumtuliza. Bibi akaendelea kuchambua maharage.

"Pale silali," alisema baadaye. "Nirudisheni kwetu."

"Kwenu si hapa, Bibi? Miaka yote hii?"

Akatupa punje mbovu, akachukua konzi nyingine.

Siku ya hitima, sheikh alikataa kusoma akiitazama picha, kwa hiyo baba mkubwa aliiacha imefunikwa kitenge sebuleni mpaka dua ilipokwisha na watu wamekula. Ndipo akaifunua. Baba mkubwa alikuwa mtu mzima wa miaka sabini, mwenyekiti wa mambo mengi, sijawahi kumwona akilia, lakini alimwona baba yake akalia waziwazi. Shangazi alipiga vigelegele. Watu walinishika mikono, wakaniambia nimemrudisha mzee nyumbani. Nilivimba kichwa, sitadanganya.

Bibi akaletwa na mkongojo wake. Akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu, watu wote wakisubiri.

"Ndiye?" baba mkubwa alimuuliza.

"Ndiye." Kisha akanigeukia. "Mke mwenzangu, umempa na tasbihi."

"Nimempa, mke mwenza. Si alikuwa mtu wa dini?"

"Na mimi umeniweka wapi?"

Sebule nzima ilicheka. Shangazi alimshika bega.

"Mama jamani! Hiyo picha ya kazini kwake, ya kiaskari. Wewe ulikuwa bado hujaolewa."

"Nilikuwepo," alisema Bibi. Akainua mkongojo akagusa kioo cha fremu, chini, upande wa mkono wenye tasbihi. "Nilikuwa hapa."

Aligusa palepale nilipopaka rangi nyeupe. Katika chumba kile hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na kitu, isipokuwa mimi. Wengine waliendelea kucheka, na mtu akaniwekea sahani ya pili ya pilau mikononi. Nikaiweka sahani chini bila kuionja.

Nilirudi Mbeya siku iliyofuata. Sikupita hata nyumbani Ilomba. Nilikwenda moja kwa moja studio na mfuko wangu, nikaingia chumba cha giza, nikaitoa ile filamu, nikapandisha mashine ya kukuzia hadi mwisho wake, nikamwacha babu nje kabisa ya karatasi. Nilitaka mzigo peke yake.

Ulijitokeza polepole kwenye dawa, na ulikuwa na macho.

Alikuwa mtoto wa kike amechuchumaa. Kitambaa kilikuwa kimemfunika kichwa na mabega, magoti ameyakumbatia, na kwa sababu ya doa la maji ungeweza kuapa ni furushi. Kamba ilitoka shingoni kwake ikaenda hadi kwenye ngumi ya babu. Pembeni yake, nusu wakiwa wamekatwa na ukingo wa picha, walikuwa wengine wawili, wamefungwa hivyohivyo. Nimekaa na picha kwa miaka, najua kusoma uso wa mtu kabla hajakaa kwenye kiti, lakini mtoto yule nilimtazama kwa macho haya siku nzima nikamchorea ukuta juu yake. Niliitundika ikiwa bado inadondoka maji, nikaenda kumwita mzee.

Mzee wa studio alipoambiwa alikaa kwenye kiti cha wateja, akaivua kofia yake akaishika magotini.

"Takataka nimekufundisha mimi," alisema.

Mtafiti alikuja kuchukua kazi yake wiki ileile. Nilimfungulia albamu kwenye ukurasa ule, nikamuuliza kimeandikwa nini chini, kwa mwandiko ule wa Kijerumani. Alisoma, akatafuta maneno ya Kiswahili. Inasema, alinieleza, kwamba ni baada ya safari, askari pamoja na mali iliyotekwa.

"Mali ni ng'ombe?"

"Ng'ombe, ndiyo." Masikio yalimgeuka mekundu. "Na wanawake. Askari walikuwa wanagawiwa."

"Ulijua?"

"Najua kwa kusoma."

"Huyu ni bibi yangu," nilimwambia. "Yupo. Juzi amechambua maharage."

Nadhani alishtuka kweli, maana alikaa chini. Lakini kilichofuata kutoka mdomoni mwake ni kuniomba nimpeleke kwake na kinasa sauti. Hasira zilinipanda hadi machoni. Nilimwambia bibi yangu amekwisha kupigwa picha na Wajerumani wenzake, inatosha. Nikaifunga albamu yake kwa kishindo, nikamsukumia kifuani. Alikuwa na maneno zaidi ya kuniambia, alikwisha kufungua mdomo, mimi nikamwonyesha mlango. Kesho yake aliondoka Mbeya, na baada ya wiki chache akaondoka nchini. Kwa siku nyingi nilijisifu kwa jinsi nilivyomfukuza.

Nikasafisha picha nzima, kubwa, safi, bila kugusa brashi. Nikaomba ruhusa, nikarudi Iringa.

Nilimsubiri Bibi abaki peke yake. Baba mkubwa alikwenda kwenye mkutano, shangazi sokoni. Saa nne asubuhi, jua limejaa uani, nikaitoa kwenye bahasha nikamwekea mapajani. Niliogopa atalia. Hakulia. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akajitafuta, akajiona.

"Nilikuwa sijaota hata matiti," alisema.

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini wewe? Wewe ulikuwepo?" Akaweka kidole juu ya mtoto. "Unaona nilivyotulia? Yule mzungu alisimamisha sanduku lake kwenye miguu mitatu, akajifunika nguo nyeusi, akatuelekezea jicho lake. Sisi tulijua ni bunduki. Tuliona mizinga yao, tukajua hii nayo ni ya namna nyingine. Nikasema moyoni, basi, ndiyo tunauawa. Nikatulia. Likalia, ka! Sikufa. Nikasubiri tena. Sikufa."

Nilishindwa kuzuia. Nililia mimi badala yake, kilemba mdomoni. Picha ile ilikuwa ya mtoto anayesubiri risasi, na alikuwa ametulia vizuri kuliko wote.

Nikamuuliza kama kamba iliuma. Akasema iliuma siku za mwanzo, baadaye pakafanya kidonda na kidonda kikafa ganzi. Nikamuuliza walitembea siku ngapi. Nyingi, alisema, na ng'ombe walipewa maji kabla yao. Nikamuuliza wale wawili walikuwa nani. Mmoja simjui, alisema, na mwingine alifia njiani. Nikamuuliza kuhusu babu, na hilo ndilo lililonitoka kwa shida kuliko yote.

"Hakuwa ananipiga," alisema. "Alipewa mimi kama alivyopewa shamba. Kamba aliifungua tulipofika hapa."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nikimbilie wapi? Pamechomwa."

"Na wale ng'ombe wa mahari? Shangazi anajua mpaka rangi zao."

"Ng'ombe hao ni hawa hapa," akaonyesha nyuma ya askari. "Wa kwetu. Nilimwambia rangi zao alipokuwa mtoto, hataki kulala. Mahari amejiongezea mwenyewe."

Nilitaka nimtoe baba mkubwa mkutanoni, nimwite shangazi sokoni, niibandike picha ile juu ya nyingine sebuleni siku ileile. Nilikwisha simama. Bibi alinishika upindo wa kanga.

"Kaa. Hawa ni wanangu. Ukiwaonyesha hii unawaambia wametoka wapi. Nitawatazamaje usoni? Watanitazamaje? Nimekaa na yule mtu kwa ajili yao, na nimemzika vizuri kwa ajili yao. Lakini chini ya udongo hakuna watoto. Pale sitaki kulala naye. Nikifa, ndiyo uwaonyeshe, kabla hawajaniteremsha. Umesikia, mke mwenzangu?"

"Usiniite hivyo tena, Bibi."

Alinitazama, akacheka kidogo, na hakuniita hivyo tena.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, nililetewa simu kwamba hali yake ni mbaya. Nilikaa naye siku kumi na moja. Nilimlisha uji, nilimgeuza, niliosha nguo zake. Alilala sana. Akiamka alidai maji, au alisema neno moja, kwetu, nami nilimminya mkono kumjulisha kwamba sijasahau. Bahasha ilikuwa chini ya godoro langu. Nilijiona nimejiandaa. Alikata roho alfajiri, wakati baba mkubwa anatoka kuswali.

Mambo ya mazishi ya Kiislamu huenda haraka. Hadi saa tatu vijana walikuwa makaburini wanachimba ndani ya ule ukingo wa saruji, na shangazi na wanawake wenzake walikuwa wamefunga mapazia, wanamwosha. Nilimwomba baba mkubwa aingie chumbani. Nikampa bahasha mkononi, na nikamwambia kila kitu kama nilivyoambiwa, kwa haraka, nikiogopa sauti itakatika.

Alitazama. Nilimwona akimtambua baba yake. Kisha jicho likaifuata kamba ikishuka.

"Huyu si mama," alisema.

"Ni yeye, baba. Aliniambia mwenyewe."

"Ninyi watu wa studio." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya kutisha. "Baba yangu alikuwa na magwanda, ukamvalisha kanzu. Hakuwa na tasbihi, ukamchorea. Sasa umemchorea kamba. Unashindwa nini wewe na hizo brashi zako?"

Yote aliyoyasema niliyafanya, isipokuwa moja. Picha ya uongo aliiamini akalia machozi, na hii ya kweli alikuwa anaikunja ili aichane. Niliangukia mkono wake nikaning'inia hapo kwa nguvu zangu zote, mjukuu wa kike anapigana na mkubwa wa ukoo wakati maiti iko chumba cha pili. Kelele zetu zikamtoa shangazi, mikono yake bado imelowa.

Aliichukua picha kwa ncha za vidole, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa nayo hadi maji ya mikono yake yakaanza kudondoka kwenye ukingo wa karatasi.

"Kaka," alisema. "Ile alama yake ya shingoni."

"Ni uji," baba mkubwa alisema haraka. "Aliungua uji utotoni. Alituambia sisi wote."

"Nimemwosha sasa hivi. Uji haumzunguki mtu shingo nzima, Kaka."

Baba mkubwa alikaa kitandani. Alikuwa anaitazama sakafu, mikono imelegea magotini, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Nilidhani anaomba dua. Kisha nikatambua anahesabu kwa vidole, ndugu zake, waliozaliwa na waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Shangazi alijibanza ukutani akateleza hadi chini. Nje tulisikia mtu akiuliza kama maji ya moto yanatosha.

Baada ya muda aliinuka, akaenda mlangoni, akamwita kijana wa jirani.

"Nenda makaburini. Waambie waache kuchimba. Wafukie."

"Wafukie, mzee?"

"Wafukie."

Akarudi ndani. Alikuwa amezeeka katika muda ule mfupi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Akasema gari la kukodi lipo, mafuta yatatafutwa, watu wa kubeba wapo, na sheikh ataelezwa. Kisha akanigeukia, kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mwenye kujua.

"Haya. Kwao ni wapi?"

"Kwao ni hapahapa," alisema shangazi kutoka chini. "Mama ni Mhehe."

"Mama ni Mbena," alisema baba mkubwa. "Ukoo wa mama ni Wabena."

"Nani alikuambia?"

"Baba."

"Mimi baba aliniambia Msangu."

Wakageukiana wote wawili. Wakanitazama. Nilifungua mdomo kuwajibu. Nilikuwa nimemuuliza kama kamba iliuma, siku ngapi walitembea, nani alikuwa pembeni yake, kwa nini hakukimbia. Alinijibu pamechomwa, nami nikadaka neno hilo nikalia nalo, nikapita juu yake nikauliza habari za ng'ombe. Nilikaa naye siku kumi na moja, akiniambia kwetu, kwetu, nami nikimminya mkono. Mtu pekee mwingine aliyeweza kujua safari ile ilipita wapi nilimfukuza mlangoni akiwa anataka kuniambia.

"Kwao ni wapi, mwanangu?" baba mkubwa alirudia.

Gari lilikuwa limekwisha fika. Lilisimama barabarani, injini ikinguruma, dereva akisubiri kuambiwa aelekee upande gani.